Tuta la Shamba la Chini

Lengai wa Sekei alikuwa mtu wa maji tangu hajaota ndevu. Baba yake alikuwa msimamizi wa mfereji, na kazi ile ilimwingia mwanawe kwa miguu kabla ya kumwingia kichwani. Asubuhi baba alitangulia na jembe begani, mwana akafuata, wakaukagua mfereji kuanzia kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni, hadi kwenye mgomba wa mwisho kabisa. Waarusha wa siku zile hawakuwa na chombo cha kupimia mteremko. Walichimba kidogo, wakayaacha maji yafuate jembe, wakatazama yanasitasita wapi, wakachimba tena. Mahali maji yalipokataa kwenda, hawakubishana nayo.

Alipokufa mzee, Lengai alirithi usimamizi ule, na pamoja nao shamba la chini. Shamba hili lilikuwa kando ya mto Themi, upande wa mashariki, penye tambarare. Baba yake alikuwa amelizungushia tuta refu la mawe na udongo ili masika yakifika, na mto ukijaa, maharage na magimbi yabaki makavu. Kila kiangazi Lengai alilitengeneza tuta lile kwa mikono yake mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine kuligusa.

Katika ujana wake alikuwa amebeba mawe ya boma la Wadachi kwa shokoa, kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira, yeye na rika lake zima, na hilo hakupenda kulisimulia. Alichopenda kusimulia ni haki ya maji. Zamu ya mtu ilikuwa zamu ya mtu. Ndugu yake wa tumbo moja alipokwepa kazi ya kusafisha mfereji, Lengai alimfungia maji, akamtoza kondoo dume na kibuyu cha pombe ya asali kama ilivyokuwa desturi, na wakati kondoo analiwa alikaa karibu naye, akamkatia mnofu mzuri. Watu walisema Lengai hana upendeleo. Yeye mwenyewe aliamini hivyo, na hapo ndipo hadithi yake inapoanzia.

Mji ulikuwa umeanza kutambaa kutoka bomani kuelekea mtoni. Wenye maduka walikuwa wamekuja, na punda na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na kina mama walioteremka na ndizi na maziwa hawakuwa na mahali maalumu pa kuuzia. Basi Bwana Mkubwa wa boma akatoa amri: kwenye uwanda ulio magharibi ya mto Themi zijengwe nyumba za maduka kwa mstari mmoja, na mbele yake liwe soko. Kazi ya kujenga alipewa Sadoki, Mmeru wa upande wa Tengeru, fundi wa mawe aliyesomeshwa misheni na kubatizwa huko. Nguvu za mikono zilitakiwa zitoke kwa wanaume wa Sekei.

Kila aliyezaliwa pale alijua kwamba uwanda ule huenda chini ya maji kila masika. Sadoki hakuzaliwa pale, lakini aliuliza, na alipoambiwa akaja moja kwa moja kwa Lengai, akamkuta ndani ya mfereji, tope limefika magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, fundi. Umekuja kuoga au kuzungumza?"

"Kuzungumza. Nyumba ninaziweza, baba. Nitaweka msingi wa mawe, nitainua kizingiti. Lakini mto siuwezi. Nimeambiwa wewe unauweza."

Lengai alipanda kutoka mferejini, akajifuta mikono kwa jani la mgomba. Si vizuri kumlaumu sana mtu kwa kupenda kusikia kwamba anaweza. Hata hivyo ni vizuri kujua kwamba neno lile lilimwingia kama asali.

"Maji hayana ubaya," alisema. "Yanataka njia tu. Wewe jenga. Mimi nitayapa njia."

Njia aliyoitafuta aliipata siku hiyo hiyo. Juu ya uwanda, mto ulipinda. Kutoka kwenye kona ile angechimba mfereji mpana, mpana kuliko mfereji wowote aliowahi kuuona, upite nyuma ya nyumba, uyachukue maji ya ziada, na kuyarudisha mtoni chini ya soko. Rika lake lilichimba. Walichimba kiangazi chote, wakaimba, wakatukanana matusi ya upendo, na Sakaya, ambaye hakuna aliyemshinda kwa mdomo, alikuwa akipiga kelele kila Lengai alipopita: "Msimamieni vizuri huyu! Akimwona mtu amelala, anampitishia mfereji!"

Mahali mfereji uliporudi mtoni palikuwa karibu na migomba ya Naeku. Naeku alikuwa mjane wa mwanarika wao, mtu aliyechimba mifereji pamoja na Lengai hadi homa ilipomchukua. Migomba ile aliipanda marehemu, na watoto wa Naeku walikula kutoka humo, hawakuwa na kwingine. Siku moja alikuja ukingoni, kibuyu mgongoni, akasimama akitazama.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kuuliza. Mimi si mtu wa maji."

"Uliza."

"Haya yakitoka huko kwa nguvu zake, yakafika hapa, yatajuaje kwamba yamefika kwa mjane?"

Wanaume walicheka. Naeku hakucheka.

"Nimetandika mawe ya kuyashusha taratibu," Lengai alisema. "Yatateremka kama mtu anayeshuka ngazi. Hayatagusa hata mzizi."

"Unasema hivyo kama Lengai au kama serikali?"

Hapo Lengai aliinama, akang'oa majani mabichi ya ukingoni, akamwekea mkononi. Kwa Waarusha majani mabichi yaliyotolewa kwa mkono ni amani, na ni ahadi. Mwenye kuyatoa akivunja neno lake, hakuna anayehitaji kumshtaki; majani yenyewe yanamshtaki. Naeku aliyapokea kwa mikono miwili, akayatia ndani ya nguo yake, akaenda zake.

Mvua za vuli zilikuja kiasi, mto ukainuka, na maji yakaingia kwenye mfereji mpya kama ng'ombe waendao zizini. Uwanda ulibaki mkavu. Misingi ya nyumba mbili za kwanza haikulowa. Bwana Mkubwa alishuka kutoka bomani juu ya farasi, akatazama, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akampa Sadoki mkono. Jioni kulikuwa na pombe kwa Lengai.

"Simaloi, una bahati," Sakaya alimwambia mke wa mwenye nyumba. "Wenzako wanawatuma waume zao kisimani, hawaendi. Wako anautuma mto, unakwenda!"

"Mto unanifaa nini," Simaloi alijibu, "na mwenyewe hata kuni hatumiki?"

Walicheka hadi wakakohoa.

Maji yalipopungua, Lengai alishuka peke yake kuutazama mfereji wake, kama alivyofanya baada ya mvua yoyote. Alianza kwenye kona ya mto, akafuata kwenda chini, na kadiri alivyoshuka ndivyo hatua zake zilivyopungua. Sakafu ya mfereji ilikuwa imezama. Alipochimba kufikia kiuno, sasa palimfika kifuani. Udongo wa nchi ile ni majivu ya mlima, mzuri kwa mgomba, lakini ukipata maji ya kasi unayeyuka. Alipofika mwisho, hakuyaona mawe yake ya ngazi. Yalikuwa yamebingirika mtoni. Mahali pake palikuwa na poromoko, na poromoko lile lilikuwa limeanza kutembea kurudi juu, likila udongo kutoka chini. Upande wa Naeku ukingo ulikuwa umepasuka, na mizizi ya mgomba mmoja ilining'inia hewani.

Alisimama pale hadi jua likampiga kisogoni. Alielewa. Maisha yake yote aliyaongoza maji ya mfereji, maji ambayo mtu huyakata kwa banio akichoka, akaenda kula. Mafuriko hayana banio. Alikuwa ameufundisha mto njia ya mkato, na masika yakifika, mto hautarudi kwenye njia ya zamani. Ungefanya korongo pale, na migomba ya Naeku ingekuwa ndani ya korongo.

Alichukua mawe machache, akayatupa kwenye poromoko. Kisha akafunika ule ufa kwa matawi, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu.

Jambo hili ni lazima lisemwe kama lilivyokuwa. Kukosea hesabu ya maji si dhambi. Hata mtu mwema hukosea. Kufunika ufa kwa matawi ni jambo jingine. Lengai alijua hivyo, na ndiyo maana tangu siku ile chakula kilimkwama. Watu waliendelea kumsifu njiani, naye aliitikia, akaharakisha kupita.

Simaloi alimtazama, akangoja. Hakuwa mtu wa kuharakisha. Lakini alipomwekea loshoro, mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando, chakula alichokipenda kuliko vyote, na Lengai akakichezea tu kwa kidole, uvumilivu wake uliisha.

"Baba Nanyori, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kula."

Akamwambia. Alimweleza poromoko, na ufa, na mzizi, na matawi pia. Simaloi alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo mfereji ufukiwe," alisema.

"Ukifukiwa, maji yatarudi kwenye uwanda. Nyumba za Sadoki zitaogelea. Maji ni yale yale, mama. Lazima yapate mahali pa kulala."

"Na umeyatafutia mahali."

"Nimetafuta kila mahali."

"Hapana." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi. "Umeyapitisha nyuma ya maduka. Umeyapeleka kwa mjane. Mahali pamoja hukuyapeleka."

"Wapi?"

"Ng'ambo. Nyuma ya tuta."

Lengai aliweka bakuli chini. "Tuta ni la baba."

"Najua ni la nani. Nimepalilia nyuma yake tangu nilipoolewa. Uwanda wetu na uwanda wa soko zinatazamana kama mashavu mawili. Shavu moja umelikinga, mto unalipiga kofi la pili. Wewe ambaye huna upendeleo."

Lengai alikula loshoro yake, ikiwa imepoa, akaimaliza.

Asubuhi alikwenda kwa Sadoki, akamkuta akichonga jiwe la kona. Alimpeleka hadi kwenye poromoko, akaondoa matawi kwa mkono wake, akamwonyesha ufa. Sadoki alichuchumaa, akaitazama mizizi, akapiga mluzi mdogo.

"Baba, Bwana Mkubwa ameshanipa mkono kwa ajili ya mfereji huu."

"Najua."

"Na mimi," Sadoki alisema, "nilipokuachia mto nilishusha pumzi. Nilisema moyoni, sasa huo si mzigo wangu. Sikurudi hata siku moja kuutazama."

Wakakaa chini, mmoja na jembe, mwingine na kijiti, wakachora juu ya mchanga na kufuta na kuchora tena. Nyumba zirudishwe nyuma, zipande kwenye mwinuko. Misingi miwili iliyokwisha kuwekwa ingebomolewa, na mawe yake yawe ngazi. Kati ya nyumba na nyumba paachwe uchochoro, na kusiwe na ukuta wa nyuma wa kuunganisha, ili maji yakifika yasikute kizuizi cha kugombana nacho. Soko libaki chini kwenye uwanda, lakini vibanda viwe vya miti na kamba tu, vya kung'olewa mawingu yakikaa siku kadhaa juu ya mlima Meru. Ukingoni yaoteshwe matete na nyasi, asijenge mtu. Na ng'ambo, tuta lifunguliwe, ili mto ukijaa uenee upande ule badala ya kubanwa.

"Ng'ambo ni shamba la nani?" Sadoki aliuliza.

"Langu."

Sadoki aliacha kuchora. "Boma halitakupa jingine, baba. Hata shukrani hawatakupa. Wataona tope tu."

"Mimi sikuomba shukrani. Nakuuliza kama nyumba zitasimama."

"Zitasimama."

Bwana Mkubwa alipoelezwa aligomba sana kwa lugha yake, kisha akauliza swali lile lile, akapewa jibu lile lile, akageuza farasi.

Rika lilikuwa gumu zaidi. Walikutana penye banio, mahali pa mikutano yote ya maji, na Lengai alisimama akawaambia kila kitu, hata habari ya matawi. Sakaya alikuwa wa kwanza kujibu.

"Kiangazi ulituambia chimba. Tukachimba. Leo unatuambia fukia. Mwezi ujao utatuambia tuulambe?"

"Atakayeulamba ni yeye!" mwingine alidakia.

"Migongo yetu unadhani ni ya punda wa Mhindi?"

Lengai aliwaacha wamalize. "Adhabu ya mtu anayeharibu maji mnaijua," alisema. "Niliitoza kwa ndugu yangu. Kondoo yuko pale, nimemfunga. Pombe ya asali Simaloi ameshaitengeneza. Mfereji wa mjane nitaufukia, pamoja nanyi au bila nyinyi. Na kabla sijamwomba mtu yeyote ainue jembe kunisaidia, nitaanza na tuta la baba."

Akavuka mto mbele ya macho yao. Walimwona akisimama juu ya tuta, akilitazama kwa urefu wake wote. Kisha akainua jembe. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, umekanyagwa na miaka. Jembe liliruka mara ya kwanza kana kwamba limepiga mfupa. Alipiga tena. Jiwe la kwanza lilipobingirika mtoni, Sakaya alitema mate, akakunja nguo yake, akaingia majini.

"Toka hapo," alisema alipofika. "Unalichimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mzee. Nipe nafasi."

Ule ulikuwa mzaha wake wa mwisho siku hiyo. Wengine walivuka mmoja mmoja. Kabla ya masika tuta lilikuwa na milango mipana, na mfereji mkubwa umejazwa mawe, na vigogo vya migomba, na udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Simaloi aliyavuna maharage machanga, yale yaliyoweza kuvunwa. Mengine aliyaacha, akageuka, hakutazama nyuma.

Masika ya mwaka ule hayakuwa na haraka. Mawingu yalikaa juu ya mlima, yakakaa, na kina mama waling'oa vibanda vyao wenyewe, wakivibeba vichwani huku wakilaumu tope. Mto ulianza kupanda asubuhi, maji ya rangi ya kahawia, yamebeba matawi. Lengai alisimama upande wa soko pamoja na Sadoki. Maji yalipanda kwenye nyasi za ukingo, yakaingia kwenye uwanda, yakakikaribia kile kilima cha nyumba. Kisha ng'ambo yakaipata milango ya tuta. Yaliingia shamba la chini bila kelele, yakaenea, yakafunika magimbi na mabua ya maharage, na punde pakawa kama bwawa, mbingu inaonekana ndani yake. Upande huu maji yaligusa ngazi za nyumba, yakapita vichochoroni, na hayakupanda tena.

"Yamelala," Sadoki alisema.

Lengai alikuwa akitazama chini, kwenye migomba ya Naeku. Ilisimama yote, hata ule mgomba wa mizizi, ambao alikuwa ameushindilia udongo kwa mikono yake.

Maji yalipoondoka yaliacha tope zito. Mwaka ule nyumba ya Lengai ilikula mahindi ya ndugu za Simaloi wa Elerai, na Simaloi hakuacha kumkumbusha ni nani aliyekwenda kuyaomba. Baadaye shamba la chini lilitoa magimbi makubwa kuliko ya wakati wa tuta, lakini hilo Lengai hakulijua alipoinua jembe, na haifai kusema alilipwa. Alilifanya kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Jua liliporudi, Naeku alivuka mto, ndama akimfuata. Alimkuta Lengai kwenye shamba lake, akikwangua tope juu ya mawe yaliyobaki.

"Shemeji," alisema. Akatoa ndani ya nguo yake majani makavu, yamefungwa kwa kamba ya mgomba. "Nilikuwa nimeyachomeka kwenye paa, juu ya kitanda. Niliuona ule ufa kabla hujaufunika kwa matawi yako."

Lengai aliinamisha kichwa. "Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja kuona ni nani atakuja kwanza, wewe au maji. Kama yangekuwa maji, ningeyaleta haya mlangoni kwako, mbele ya watu."

"Na sasa?"

"Sasa ahadi imekwisha kazi yake. Ndama na ayale."

Akamnyooshea ndama. Ndama aliyanusa yale majani makavu, akapiga chafya, akayakataa, akatembea hadi pale tuta lilipokatwa, ambapo nyasi mpya zilikuwa zimetokeza juu ya tope, akaanza kula. Naeku alicheka kwanza, na Lengai akamfuata.